U17, U19 au mashindano ya mabara: kama una muda wa kufuatilia moja tu, chukua lipi?

Kila ikikaribia mwisho wa Juni lazima kuna mtu ataniuliza, bwana mimi basketi ya vijana naipenda ila muda sina, nifuatilie ipi? Kombe la Dunia la U17 (wasiozidi miaka 17), Kombe la Dunia la U19, au yale ya mabara ya U16 na U18? Na mimi siku zote namjibu kwa swali, unatafuta nini humo? Maana kwa mbali haya yote yanafanana, jezi za taifa, nyimbo za taifa, madogo wenye mikono mirefu kuliko umri wao, lakini ukikaa nayo miaka kadhaa unagundua kila moja lina ladha yake, na mtu akiangukia lisilomfaa anaishia kusema basketi ya vijana haina mvuto. Hiyo kauli inaniuma kwa sababu sio kweli, ni vile tu hakuelekezwa.

Basi tuyaweke ubavu kwa ubavu.

Vigezo nilivyotumia

Ni vitano na ni vilevile kwa yote matatu. Ubora wa mpira wenyewe, yaani timu inacheza kama timu au ni vipaji vinakimbia tu. Ushindani, ukikaa kuangalia unamjua bingwa au humjui. Mastaa wa kesho, unawaona wangapi na unawaona mapema kiasi gani. Urahisi wa kufuatilia, kalenda na muda. Mwisho, linamfaa nani.

Kabla sijaanza, mambo ambayo yanafanana kote ili nisiyarudie: yote yako chini ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, kota nne za dakika kumi kumi, sekunde 24 za kushambulia, faulo tano unatoka, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75. Umri unahesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, mfano U19 ya 2025 ilikuwa ya waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2006. Kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wako kundi moja, na kwa mtoto wa miaka 16 hiyo miezi kumi na moja ni sentimita nyingi sana na kilo nyingi, kumbuka hilo kabla hujasema fulani hana mwili.

Pia ni ngazi moja. U16 za mabara zinatoa tiketi za Kombe la Dunia la U17 mwaka unaofuata, na U18 za mabara zinatoa tiketi za U19. Kizazi kilekile kinapanda ngazi mbele ya macho yako, ukilielewa hili kuchagua kunakuwa rahisi.

KOMBE LA DUNIA LA U17

Lilianza 2010 kule Hamburg likiwa na timu 12, kuanzia 2014 ni timu 16. Linachezwa miaka ya shufwa, la 2020 likafutwa kwa sababu ya corona.

Ubora wa mpira: hapa mwili na kipaji viko mbele, akili ya mchezo inakuja nyuma inakimbizana navyo. Mtazame pointi gadi (anayepeleka mpira mbele) wa miaka 16 wa timu ya kawaida akikutana na presi ya uwanja mzima. Ana sekunde nane avuke nusu ya uwanja, mabeki wawili wanamsukumia kwenye kona ya mstari, anawapa mgongo, anatafuta mtu hamuoni, sekunde ya sita anarusha pasi ndefu ya juu, inadakwa, leiyapu upande wa pili. Mpira unaofuata, kitu kilekile. Kocha anaita taimauti. Afu kota ya tatu dogo yuleyule anadanganya kama anataka kurusha, mabeki wote wawili wanaruka, anapita katikati yao na uwanja uko wazi mbele yake. Amejifunza ndani ya nusu saa na wewe umemuona akijifunza. Mimi hicho ndo kinanirudisha U17 kila mara, sijakiona kwenye basketi ya wakubwa.

Ushindani: hapa niseme ukweli. Kwa wavulana Marekani wamechukua makombe yote saba tangu 2010 mpaka lile la Istanbul 2024, na hawajafungwa hata mechi moja. Fainali ya 2018 kule Argentina iliisha 95-52 dhidi ya Ufaransa, ya Istanbul 129-88 dhidi ya Italia. Fainali iliyowabana kweli ni ya Dubai 2014, 99-92 mbele ya Australia. Kwa hiyo kama raha yako ni kutomjua bingwa, U17 ya wavulana itakuchosha mapema. Ila nafasi ya pili mpaka ya nane ni vita kabisa, mwaka 2010 aliyefika fainali ni Poland, nani alitarajia.

Mastaa wa kesho: hapa ndo U17 inapiga wote. Kwa umri huu hakuna drafti (timu za NBA, ligi kuu ya Marekani, kuchagua wachezaji wapya) wala mkataba mkubwa unaomzuia mtu kuja. Cooper Flagg alicheza U17 ya Málaga 2022. Ilipofika U19 ya 2025 umri bado ulikuwa unamruhusu, lakini siku chache kabla ya mashindano alikuwa ameshachaguliwa namba moja kwenye drafti ya NBA, habari za U19 zikaishia hapo. Aliyetaka kumuona Flagg kwenye jezi ya vijana wa taifa ilikuwa lazima awe ameangalia Málaga. Tahadhari moja tu, tuzo za hapa usizichukulie kama unabii. MVP (mchezaji bora wa mashindano) wa 2014 alikuwa Malik Newman, hakuja kuchaguliwa kwenye drafti. Kwenye kikosi hichohicho alikuwepo Jayson Tatum, aliyekuja kuwa staa wa NBA.

Urahisi: siku tisa hivi, mwisho wa Juni mpaka wiki ya kwanza ya Julai, mji mmoja au miwili. Kila timu inacheza mechi saba hata ikifungwa zote, kwa sababu makundi manne ya timu nne yote yanaingia 16 bora, anayefungwa anaenda kugombea nafasi za chini. Ukipenda timu moja unaiona mwanzo mpaka mwisho.

Linamfaa: anayetaka kusema nilimuona kabla hajawa mtu. Kocha wa vijana pia, makosa unayoyaona hapo ndo ya wachezaji wako mazoezini. Na dogo mwenyewe wa miaka 14 au 15, anaona wenzake wa umri wa karibu na anapima alipo.

KOMBE LA DUNIA LA U19

Hili ndo kongwe kati ya haya mawili ya dunia, lilianza 1979 Salvador, Brazili. Zamani lilikuwa kila baada ya miaka minne, tangu 2009 ni kila baada ya miaka miwili, miaka ya witiri.

Ubora wa mpira: ngazi nyingine kabisa. Wengi wapo chuo mwaka wa kwanza au tayari wanafanya mazoezi na timu za wakubwa Ulaya, kwa hiyo unaona skrini (mchezaji anasimama kumzuia beki wa mwenzake) zinawekwa vizuri, zoni (kila beki analinda eneo, sio mtu) zinabadilika katikati ya mchezo, kocha ana plei, yaani shambulizi lililochorwa, ya sekunde nne za mwisho na vijana wanaicheza ilivyochorwa. Kama umezoea mpira wa wakubwa hutapata shida ya kuzoea hapa.

Ushindani: Marekani bado ni wakubwa, makombe tisa kati ya kumi na saba mpaka la Lausanne 2025, lakini hayo manane mengine yamegawanywa: Yugoslavia, Ugiriki, Hispania mara mbili, Australia, Serbia, Lithuania na Kanada. Hayo ni mataifa saba. Mwaka 2017 Cairo, Kanada waliwatoa Marekani nusu fainali 99-87, RJ Barrett peke yake pointi 38. Mwaka 2023 Debrecen, Marekani hawakupata hata medali, wa nne, na fainali Hispania wakawafunga Ufaransa 73-69 baada ya muda wa nyongeza.

Na kuna Heraklion 2019 ambayo siwezi kuiruka. Mali. Wakawatoa Ufaransa nusu fainali, wakaingia fainali ya dunia dhidi ya Marekani, ikaisha 93-79. Kabla ya pale timu ya Afrika kwenye mashindano haya ilikuwa inahesabiwa kama pointi za bure na ilipangiwa kugombea nafasi ya kumi na ngapi. Ile wiki ilibadilisha namna watu wanavyoongea, na kama unaanza kufuatilia leo nenda katafute hiyo fainali uiangalie yote, sio vipande.

Mastaa wa kesho: wengi, ila sio wote, kwa sababu ile niliyosema ya drafti. Waliokuja wanakuwa karibu zaidi na walivyo ukubwani. Fainali ya Riga 2021 Marekani dhidi ya Ufaransa: Victor Wembanyama ana miaka 17, anapiga pointi 22, rebaundi 8, bloku 8, afu anatoka kwa faulo ya tano dakika za mwishoni na Ufaransa wanapoteza 83-81. Upande wa pili yuko Chet Holmgren, MVP wa mashindano. Leo hao wawili ni mastaa wa NBA, ukisema wanakutana watu wanapanga ratiba zao, na ile mechi ilichezwa Julai kwenye mashindano ambayo wengi hawakujua kama yapo.

Na hapa pia tuzo isikufunge macho. MVP wa 2019 alikuwa Reggie Perry, na alistahili kwa alivyocheza ile wiki. Lakini kikosi kilekile kilikuwa na Cade Cunningham, Tyrese Haliburton, Evan Mobley na Scottie Barnes, ambao ndo waliokuja kuwa mastaa wa NBA. Mwaka 2013 Prague, Serbia walipata medali ya fedha na humo ndani alikuwepo kijana anaitwa Nikola Jokić, mwaka uliofuata akachaguliwa namba 41 tu kwenye drafti, baadaye akawa MVP wa NBA. Kwa hiyo ukiangalia U19 usimfuate mwenye pointi nyingi tu, mfuate anayefanya wenzake wacheze vizuri zaidi. Halafu kuna wale wanaofanya vyote viwili, Toni Kukoč mwaka 1987 Bormio alirusha pointi tatu 12 dhidi ya Marekani zikaingia 11. Kumi na moja! Yugoslavia ile wakachukua kombe.

Urahisi: sawa na U17, siku tisa, timu 16, mechi saba kila timu. Habari zake zinapatikana kirahisi kidogo kwa sababu skauti na waandishi wengi wako hapo.

Linamfaa: shabiki wa NBA au Euroleague (ligi ya vilabu vikubwa vya Ulaya) anayetaka daraja fupi la kuingilia mpira wa vijana. Mtu anayependa presha ya mechi ya mtoano. Na kocha wa wachezaji wa miaka 17 kwenda juu anayetafuta mifumo.

MASHINDANO YA MABARA, U16 NA U18

Haya ndo yanayosahaulika na mimi naumia. Watu wanasubiri Kombe la Dunia afu wanashangaa hii timu imetoka wapi, kumbe imetengenezwa mwaka mmoja kabla mbele ya mashabiki mia mbili.

Ubora wa mpira: unapanda na kushuka sana, hata ndani ya siku moja. Ulaya kuna madaraja matatu, A, B na C, daraja A ni timu 16 na zinazoshika mkia zinashuka kwenda B. U18 ya daraja A mechi za juu zinakaribia kabisa Kombe la Dunia. Daraja C unakutana na nchi ndogo kama Andorra, San Marino na Malta, mpira wa taratibu lakini wa moyo. Afrika mataifa mengi yanapita kwanza mechi za kanda, na ukifika fainali zenyewe unakuta timu ina miili ya dunia lakini imekaa pamoja siku chache mno, difensi inabeba kila kitu na magoli ya mbali yanakuwa machache. Mechi ya 52-49 ipo sana. Wengine wanaiona mbaya, mimi naiona ngumu, ni vitu viwili tofauti.

Ushindani: kwa maoni yangu hapa ndo pakali kuliko kote, na sababu ni hesabu ya tiketi. Afrika inapeleka timu mbili tu kwenye U19 ya dunia. Mbili! Maana yake nusu fainali ndo fainali yenyewe, ukishinda unaenda duniani, ukifungwa unaenda kucheza ya shaba huku moyo umeshakufa. Angalia sura za benchi dakika mbili za mwisho za nusu fainali ya Afrika utaelewa. Mali wale wa 2019 walianzia hapo, Bamako 2018.

Ulaya zinaenda tano, ukiacha mwenyeji kama ni wa hukohuko. Kwa hiyo mechi ya kugombea nafasi ya tano, ambayo kwenye mashindano mengine hakuna anayeijali, inageuka kuwa ya kufa na kupona, wa tano anapata tiketi na wa sita anabaki nyumbani. Na bingwa hatabiriki: kuanzia 2014 mpaka 2024 U18 ya Ulaya imechukuliwa na Uturuki, Ugiriki, Ufaransa, Serbia, Hispania na Ujerumani. Ujerumani walishinda Tampere 2024, mwaka uliofuata wakafika fainali ya dunia Lausanne. Aliyewaona Tampere hakushangaa.

Mastaa wa kesho: kuna wachezaji ambao bila haya usingewaona kabisa kwenye jezi ya vijana kwa sababu taifa lao halikufuzu dunia. Na unawaona wakiwa wabichi kweli, Wembanyama alikuwepo U16 ya Ulaya 2019, Ufaransa wakapata medali ya fedha. Lakini inabidi uchimbe, kwa kila mmoja wa aina hiyo kuna mechi nyingi za kawaida.

Urahisi: hapa ndo pagumu. Yametawanyika, kila bara na ratiba yake, Ulaya huwa Julai na Agosti, madaraja yanachezwa miji tofauti, mechi mbili nzuri zinagongana. Takwimu na matokeo yanapatikana kwenye tovuti ya FIBA lakini picha inategemea na mashindano, kuna mwaka unapata kamera nzuri na kuna mwaka unapata kamera moja imesimama juu ya jukwaa na saa ya uwanjani haionekani. Inahitaji uvumilivu.

Linamfaa: mwenye timu moja ya taifa moyoni ambayo haifiki dunia kila mara. Mtu anayependa kuelewa kizazi kinavyotengenezwa. Mzazi au kocha mwenye dogo anayekaribia kuitwa timu ya taifa, kwa sababu hapo ndo mlango halisi ulipo, ukiacha mwenyeji, huwezi kuitwa Kombe la Dunia kama taifa lako halikupita hapa.

Wasichana, tafadhali usiruke

Nimetoa mifano mingi ya wavulana lakini upande wa wasichana hesabu inabadilika kidogo. U19 yao ilianza 1985, U17 ilianza 2010 kama ya wavulana. Marekani wanaongoza pia ila U17 hawajachukua yote, Australia walilibeba 2016. U19 ya 2017 Urusi wakawafunga Marekani fainali. Na Mali tena, wasichana wa Mali walikuwa wa nne duniani U19 ya 2021, mashindano ambayo MVP alikuwa Caitlin Clark. Kwa mtu anayetaka kujifunza kusogeza mpira, pasi na kujipanga, ningemwambia aanze na U19 ya wasichana kabla ya yote niliyoandika hapo juu, pasi zinaonekana zaidi kwa sababu hakuna anayemaliza kila kitu kwa kuruka juu ya watu.

Sasa uchague vipi

Kwanza angalia mwaka. U17 na U19 za dunia hazigongani, mwaka wa shufwa ni U17, wa witiri ni U19. Kwa hiyo mara nyingi uamuzi wako ni kati ya Kombe la Dunia la mwaka huo na mashindano ya mabara yanayofuata wiki chache baadaye.

Hujawahi kuangalia basketi ya vijana kabisa na unataka usijute: U19, anza na robo fainali.

Unafuatilia drafti na unataka kuwajua watu miaka miwili mitatu kabla: U17, na usiangalie fainali peke yake, angalia mechi za makundi ambapo benchi lote linacheza.

Taifa lako liko nje ya wakubwa: mabara, bila kujiuliza. Mechi moja ya timu yako ikipigania tiketi itakushika kuliko fainali ya watu wengine.

Unafundisha chini ya miaka 16: U17, uwe na daftari, andika presi zinavyovunjwa. Unafundisha wakubwa kidogo: U19, andika kinachofanyika baada ya taimauti.

Una jioni moja tu mwaka mzima: mwaka wa shufwa, tafuta nusu fainali ya U18 ya Afrika au ile mechi ya nafasi ya tano ya U18 ya Ulaya, na ukae kuanzia kwenye nyimbo za taifa.